Kabla ya kusimamisha hema mlimani, uliza maji yanapita wapi

Kwetu Kivu neno kambi limekuwa zito. Ukilitaja mbele ya mama wa Goma, wa Masisi au wa Kalehe, mara moja anafikiria shitingi nyeupe, foleni ya bidoni na watoto wanaokohoa usiku. Lakini kuna kambi nyingine inayorudi kila mwaka wakati wa likizo kubwa, mwezi wa saba na wa nane, pale ambapo hali ya usalama inaruhusu: kambi ya vijana. Maskuti, kwaya, vikundi vya parokia, vijana wa makanisa mbalimbali, wote wanapanda milimani na mahema yao, sufuria zao na ngoma zao. Mzazi anatoa mchango, anamfungia mtoto blanketi, na anamkabidhi kwa kiongozi ambaye mara nyingi ana miaka ishirini na kidogo.

Barua za mchango nimezisoma nyingi, kama mwandishi wa habari na kama mjomba wa watoto wanaopenda kwenda. Ndani yake kuna bei, kuna tarehe, kuna orodha ya vitu vya kubeba: sahani, kikombe, tochi, sweta. Kuhusu mahali ambapo mtoto atalala, kunaandikwa jina la kijiji tu. Hakuna anayeeleza kama ni bondeni au mgongoni mwa mlima, kama mto uko karibu, kama kuna mtu aliyefika pale kabla ya wengine. Maoni yangu ni haya: katika nchi ya milima kama yetu, kuchagua mahali pa kambi ndiyo kazi ya kwanza ya usalama, na sisi tunaifanya mwisho, kwa simu, kwa kuangalia picha.

Sisemi haya kwa sababu ya vitabu tu. Nilikuwepo.

Miaka michache iliyopita, wiki ya mwisho ya mwezi wa nane, nilisindikiza kikundi cha vijana 34 katika milima ya Kabare, jimbo la Kivu Kusini. Nilitaka kuandika habari nzuri kwa mara moja, habari isiyo na risasi ndani. Kiongozi alikuwa amechagua mahali kwa picha aliyotumiwa na rafiki: uwanja tambarare, majani mafupi, kijito kando. Tulipofika saa tisa alasiri kila mtu alipiga makofi. Ukiwa umetembea saa nne kwenye mteremko, ukaona uwanja kama ule, hutaki kusikia kitu kingine.

Tukiwa tunapiga vigingi, mama mmoja aliyekuwa anachimba viazi juu kidogo aliacha jembe, akashuka. Aliangalia mahema, akamwambia kiongozi: “Mutoto yangu, hapa hatulalake. Maji ikikuya, haipigake hodi.” Kiongozi alimjibu kwa heshima kwamba ni kiangazi, mvua bado. Mama hakubishana. Alionyesha kwa kidole jiwe kubwa, kubwa kama meza, lililokuwa katikati ya majani, akauliza: “Ile jiwe, ni nani aliileta?”

Swali lile lilitunyamazisha. Ni mzee mmoja wa kikundi, mtu wa ujenzi, aliyesema tuhame. Wengine walinung’unika, na mimi nakiri nilikuwa kati yao, kwa sababu miguu iliniuma. Tulipanda kama mita themanini, tukalala tumebanana kwenye kipande cha shamba alichotuonyesha mama yule, hema juu ya hema. Kwa uvivu tuliacha chini hema moja lililokuwa na sufuria na mabegi. Saa saba ya usiku mvua ilinyesha kule juu, mbali. Kwetu yalikuwa matone tu. Kisha tulisikia sauti kama lori linaloshuka bila breki. Asubuhi hema halikuwepo. Sufuria moja tuliikuta mbali chini, imekunjwa kama karatasi. Watoto walicheka sana kuhusu sufuria ile. Mimi nilihesabu watoto mara tatu.

Maji, hewa mbaya na baridi

Tangu siku ile nimeuliza watu wengi: wajenzi, wakulima, maafisa wa afya, wazee wa vijiji. Majibu yao yanaingia katika sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuishika. Milimani kuna vitu vitatu vinavyoshuka usiku: maji, hewa mbaya na baridi. Vyote vitatu vinatafuta mahali pa chini, palepale ambapo macho ya mtu aliyechoka yanaona uwanja mzuri wa kulala.

Tuanze na maji. Katika nchi yenye mteremko kila upande, lazima ujiulize kwa nini kipande fulani ni tambarare. Mara nyingi jibu ni kwamba maji yenyewe yalikitengeneza. Mto unashuka na mawe, mchanga na matope. Ukifika chini unapunguza mwendo, unatua mzigo wake, na majani yanaota juu. Uwanja unaouona ni kazi ya mafuriko ya zamani, na mto haujasahau njia yake. Ndiyo maana jiwe la yule mama lilikuwa ushahidi tosha.

Tunajua jambo hili kwa bei kubwa. Siku ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Kalehe. Mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya kando ya Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu wale hawakuwa wajinga. Barabara ilikuwa pale, ziwa lilikuwa pale, soko lilikuwa pale, na mashamba ya juu hayakutosha. Walijenga mahali ambapo maisha yaliwasukuma. Lakini sisi tunaopeleka watoto kulala siku tano kwenye hema, nani anatusukuma? Sisi tunaweza kuchagua. Kwa hiyo hatuna udhuru.

Kitu cha pili ni hewa mbaya, na hapa wasomaji wa Goma na Sake hawahitaji mwalimu. Mazuku ni neno letu la Kiswahili cha Kivu, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia kama lilivyo katika maandishi yao, kwa sababu kwetu jambo hili ni la kila siku. Ni gesi kaboniki inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inajikusanya ndani ya mashimo na mabonde madogo kama maji ndani ya beseni. Haina rangi, na huwezi kutegemea pua yako. Mchana jua na upepo vinaitawanya. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, inapanda polepole. Mbuzi anaanguka, mbwa anaanguka, na mtoto anaanguka kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mtu aliyelala, mkubwa au mdogo, pua yake iko chini kuliko wote.

Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Bulengo na Lac Vert, wenyeji wanajua mashimo ambayo hayaingiwi asubuhi. Wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, wamelichunguza jambo hili tangu miaka mingi. Mgeni hajui. Anaona kishimo kizuri, kimekingwa na upepo, kina majani laini, anasema hapa hatutasikia baridi. Ukikuta wadudu, ndege au panya waliokufa chini bila jeraha, ondoka. Na usijaribu kupima kwa mshumaa kama wengine wanavyofundisha: mpaka moto uzimike, wewe mwenyewe uko tayari hatarini.

Kitu cha tatu ni baridi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua karibu digrii 6. Kama Bukavu usiku ni digrii 15, mita 1,000 juu yake ni karibu 9, na ndani ya bonde inashuka zaidi, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na inateremka. Baridi peke yake mara chache inaua mtoto mwenye blanketi. Kinachoua ni dawa tunayotafuta: mbabula ya makala ndani ya hema. Makala yanayowaka ndani ya mahali palipofungwa yanatoa gesi nyingine yenye sumu ambayo nayo haina harufu. Familia nzima zimelala hivyo na hazikuamka. Kiongozi anayechagua mahali pa baridi kali bila blanketi za kutosha, ajue kwamba amechagua pia mbabula, hata kama hakuiandika katika orodha yake.

Basi, je, tupande juu kabisa?

Hapana. Juu kabisa kuna mwenye pake. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walitoa orodha ya mahali ambapo radi zinapiga zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili duniani, na la kwanza katika Afrika yote, ni eneo la Kabare, hapa kwetu, na radi karibu 205 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Wengine walisoma habari ile kama mchezo wa kujivunia. Mimi naisoma kama onyo kwa kila mtu anayepanda hema kwenye mgongo wa mlima, au chini ya mti uliosimama peke yake. Hema halizuii radi. Nyumba inasaidia, gari lililofungwa linasaidia. Kitambaa na vyuma vyembamba havisaidii kitu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie sauti: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa hesabu yako haifiki 30, radi iko karibu vya kutosha kukufikia, acha kila kitu uwapeleke watoto chini ya paa.

Hapo mtu ataelewa kwa nini ninasema kwamba lazima kambi iwe na nyumba karibu: shule, kanisa, hata nyumba ya mkulima, mahali ambapo watoto wote wanaweza kuingia. Picha ya hema peke yake juu ya kilele ni nzuri sana kwenye simu, lakini si mahali pa kulaza watoto wa wenyewe.

Kwa hiyo mahali pazuri ni katikati: kwenye ubavu wa mlima, pale ambapo mteremko unapumzika kidogo. Maji ya mvua yapate njia ya kuondoka, lakini mtoto asiteleze akitoka usiku kwenda chooni. Juu yake pawe na miti au mashamba yaliyoshikwa vizuri, si ukuta wa udongo mwekundu uliopasuka. Pasiwe chini ya mikalitusi mizee, ambayo inaangusha matawi hata bila upepo mkubwa. Na kama huna jicho la mtaalamu, angalia nyumba za zamani. Sisemi zile zilizojengwa juzi kwa ajili ya barabara na soko. Nasema nyumba ambayo babu alizaliwa ndani yake. Wazee wetu walitembea na mlima miaka mingi kabla ya kuamua wapi watalaza wake na watoto wao. Chaguo lao ni mtihani ambao umekwisha kusahihishwa.

Hesabu ya bidoni na ya vyoo

Kuna jambo lingine ambalo barua za mchango hazitaji, nalo ni maji ya kunywa na choo. Sisi watu wa Kivu tulifundishwa jambo hili mbele ya dunia nzima. Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka katika siku chache na kuwekwa kuzunguka Goma: Kibumba, Katale, Mugunga. Ardhi ilikuwa jiwe la volkano. Haikuchimbika kwa vyoo, haikuchimbika hata kwa makaburi. Kibumba hapakuwa na maji. Yaliletwa kwa malori. Kipindupindu kiliingia, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa kwa magonjwa. Kulikuwa na haraka, kulikuwa na vita, kulikuwa na siasa chafu, hayo yote tunayajua. Lakini mahali penyewe pia paliua.

Kambi ya vijana 40 si Kibumba. Lakini hesabu ni ileile. Mashirika ya msaada yanahesabu angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Kwa vijana 40 ni lita 600, yaani bidoni 30 za lita 20 kila siku. Nani atazibeba? Kutoka wapi? Kama chemchemi iko kilomita mbili chini, basi ni wasichana watakaopanda na kushuka kutwa nzima, tunawajua wenyewe. Choo kimoja kinatosha watu 20, kwa hiyo vyoo viwili, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, na kwa upande wa chini wa chemchemi, kamwe si juu yake. Kama ardhi ni jiwe na haichimbiki, mahali hapo hapafai, hata kama mandhari yake yanatoa machozi. Na tukumbuke kwamba chemchemi ile ina wenyewe. Sisi tutarudi mjini baada ya siku tano; wao watakunywa tulichokiacha.

Wenye mlima

Katika nchi nyingine, mtu anayetafuta mahali pa hema anaanza na maji na mteremko. Kwetu lazima aanze na watu. Nani anashika eneo lile wiki hii? Njia iko wazi? Kuna nini upande wa pili wa kilima? Kundi la vijana wenye sare za kaki, wanaotembea kwa mstari na kupiga filimbi, kwa mbali linaweza kuonekana kama kitu kingine kabisa. Pale palipowahi kuwa na kambi ya askari au ya kikundi chochote chenye silaha, usilaze mtoto, hata kama ni miaka mingi. Vitu vilivyozikwa au kutupwa pale vinaweza kulipuka bado, na mtoto akikuta chuma kinachong’aa, anakiokota.

Habari hizi hazipatikani kwenye simu ya rafiki aliye mjini. Zinapatikana kwa kiongozi wa kijiji, kwa mwami au mwakilishi wake, kwa shirika la raia la pale, kwa mama anayechimba viazi. Ukiingia ndani ya mbuga, Virunga au Kahuzi-Biega, ruhusa ni ya ICCN na si ya mtu mwingine. Hata hifadhi yenyewe, na walinzi wake wote, imewahi kufunga milango: mwaka 2018 Virunga ilisimamisha utalii mpaka mwanzo wa 2019, baada ya mlinzi kuuawa na watalii kutekwa nyara. Kama wenye silaha na redio walikubali kusema mwaka huu hapana, kiongozi wa kwaya asione haya kusema neno hilohilo.

Kukataa pia ni kuchagua. Mwaka ambao milima haiko salama, simamisheni mahema katika uwanja wa parokia au wa shule, palipo na ukuta na maji. Watoto wataimba vilevile. Moto wa jioni utawaka vilevile.

Majibu ninayoyasikia

Nikisema haya mbele ya viongozi wa vijana, napata majibu matatu.

La kwanza: “Tumelala pale miaka kumi, hakuna kitu kilitokea.” Nawauliza kama mlima wa juu bado una miti ileile. Miaka kumi ya makala si kidogo. Mlima uliokuwa na msitu ulikunywa mvua. Mlima uliokatwa unaitupa yote chini kwa saa moja. Mahali ni palepale, lakini kile kilicho juu yake kimebadilika, na hatari ilikuwa inatoka juu tangu mwanzo.

La pili: “Hatuna pesa za kwenda kukagua.” Ninaelewa, maana najua mifuko ya vikundi vyetu. Lakini kikundi kinachopata pesa za tisheti zenye jina la kambi, kinaweza kupata nauli ya pikipiki kwa watu wawili, siku moja. Tukose tisheti.

La tatu ndilo gumu zaidi: “Mungu atatulinda.” Mimi pia nasali, na sitaki kumcheka mtu anayeweka watoto mikononi mwa Mungu kabla ya kulala. Ninachosema ni kwamba Mungu yuleyule alimleta yule mama na jembe lake mpaka kwenye mahema yetu. Ulinzi ulikuja, ukazungumza Kiswahili cha kwetu, na karibu tuukatae kwa sababu tulikuwa tumechoka.

Ninachoomba

Kwa viongozi wa vijana: nendeni mahali hapo mara mbili kabla ya watoto, na mara moja kati ya hizo iwe baada ya mvua. Mtaona wenyewe maji yanapita wapi. Laleni usiku mmoja mkiweza. Ulizeni watu watatu wasiojuana, na mmoja awe mwanamke anayechota maji pale. Wanaume watawaambia mipaka ya shamba; yeye atawaambia mto unapandaje na njia gani inateleza. Kisha mweke mtu mmoja wa kukesha kila usiku, na njia ya kukimbilia juu ambayo kila mtoto ameitembea mchana. Na mtu atakayeamua mwisho asiwe yule aliyepata bei nzuri kwa mwenye uwanja.

Kwa maaskofu, wachungaji na wakuu wa shule: msitie sahihi kwenye barua ya kambi kama haina karatasi ya pili inayoeleza mahali. Nusu ukurasa inatosha.

Kwa wazazi: mna haki ya kuuliza, na kuuliza si kumdharau kiongozi. Nani amefika pale? Mto uko umbali gani, na uko chini yetu au juu yetu? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Mvua na radi vikija, watoto wataingia nyumba gani? Kiongozi wa kijiji anajua wanakuja? Kituo cha afya cha karibu ni kipi, na usiku mtu anafikaje? Kiongozi akijibu bila kukasirika, mpe mtoto wako na blanketi mbili. Akisema “tutaona kule”, mbakishe nyumbani mwaka huu.

Na kwa wale wanaochagua kwa niaba ya wengine, viongozi wa serikali na mashirika yanayopanga mahali pa kupokea wakimbizi wa ndani, ninawaomba zaidi. Kijana wa kwaya anaweza kukataa kwenda. Mama aliyekimbia Masisi na watoto wanne hakupewa nafasi ya kukataa. Alionyeshwa kipande cha jiwe akaambiwa ni chako. Mara nyingi kipande hicho kiko wazi kwa sababu wenyeji hawakutaka kulala pale, na walikuwa na sababu yao. Kabla ya kuchora mistari ya shitingi, muwaulize ni sababu gani.

Mwaka uliofuata nilirudi kule Kabare kumsalimu mama yule na kumpelekea chumvi na sabuni. Alicheka, akauliza kama wale watoto wote wapo. Nikamwambia wote wapo. Tulitembea pamoja mpaka kwenye uwanja. Majani yalikuwa yameota tena, mafupi na ya kijani, na karibu na jiwe la kwanza kulikuwa na jiwe la pili.